Setelaiti Isiyowahi Kuruka

Jumanne, 8 Julai
Baridi ya kukata masikio. Nimemaliza kuchomelea geti la mteja wa mtaa wa Bertrams, nimelipaka rangi mkono wa kwanza. Mchana wamekuja wateja wawili. Wameitazama setelaiti kuukuu niliyoinunua mnadani nikaiweka mlangoni mwa karakana, wakavuka barabara. Wameenda kwa Shabani, mchomeleaji mwenzangu wa ng'ambo. Juzijuzi tu watu walikuwa wanagombania kupiga nayo picha.

Ijumaa, 11 Julai
Sasa najua.
Nimetoka msikitini, Mama Furaha akaniita pembeni. Ni Mkongo, anasuka nywele mlango wa pili. Akanisikilizisha sauti inayozunguka kwenye magrupu ya simu. Ni Shabani. Anasema kile chombo kilidondoka kutoka angani, kina sumu, na ndicho kilichoharibu mimba ya mke wangu.
Mimba ya Zaina. Ya miezi mitano. Ameitangaza mtaa mzima wa Malvern ili apate wateja.
Shabani huyu nilimpokea mimi alipofika huku ugenini. Alilala sakafuni kwangu, akala chakula cha Zaina. Nataka aumie.

Jumapili, 13 Julai
Nimepita mbele ya karakana yake na nyundo ndani ya koti. Sikuingia. Nikimvunja taya, watu watamhurumia. Sitaki ahurumiwe. Nataka achekwe.

Jumatano, 16 Julai
Nimepiga simu kule kwenye mnada nilikoinunua. Wameniunganisha na mhandisi aliyeiunda. Anaitwa Nomsa, amestaafu, anakaa Turffontein. Nimemfuata.
Kumbe setelaiti haiundwi moja. Moja hutikiswa mpaka boliti zikatike. Nyingine hugandishwa na kuchomwa. Inayorushwa ni nyingine kabisa. Yangu ni ya kutikiswa. Haijawahi kupanda hata ghorofani. Nikamuuliza hizi za majaribio huishia wapi. Chache huwekwa makumbusho, nyingine hulala stoo za vyuo, zilizobaki hukatwa zikauzwa chakavu. Hajui hata moja iliyomdhuru mtu.
Atakuja Jumamosi kuwaeleza watu. Nimerudi napiga mluzi. Zaina kaniuliza nina nini. Nikamwambia kazi.

Jumamosi, 19 Julai
Nilieneza habari kwamba nitaifungua hadharani. Wamejaa mpaka kwenye robot, zile taa za barabarani. Shabani naye kaja, nilijua hatajizuia.
Nomsa ameongea Kizulu na Kiingereza, Mama Furaha akatafsiri. Kafungua kifuniko, kaingiza mkono mpaka begani. Ndani hamna kitu ila vipande vya chuma, vya kuipa uzito tu. Haikutiwa mafuta, haikutiwa sumu. Mtu mmoja nyuma akapaza sauti, "Sasa Shabani aliiona ikidondoka akiwa wapi?" Watu wakaangua kicheko. Watoto wakadakia, "Eish, Shabani!" Alikuwa anatoka jasho kwenye baridi ile. Nilifurahi. Nilifurahi sana.
Ningenyamaza hapo. Lakini nilitaka zaidi. Nikamwambia mbele ya wote, "Waambie uongo huu uliutoa wapi."
Akanitazama. Akasema taratibu, "Muulize mkeo."
Nikataka kumrukia. Nikageuka kwanza. Zaina alikuwa mlangoni, ameinamisha uso. Hakukataa.

Jumapili, 20 Julai
Zaina amesema asubuhi, mgongo kanipa.
Baada ya mimba kutoka, mama yangu alikuwa anampigia kutoka Tanga kila siku. Ulinyanyua nini? Ulikula nini? Umemkosea nani? Siku moja Zaina akachoka, akamjibu ni kile chombo cha Mussa, yaani changu mimi. Simu zikakoma. Mke wa Shabani alipomuuliza, akampa jibu lilelile.
"Nilitaka liwe kosa la kitu," kasema. "Lisiwe langu."
Na mimi jana nimekiondolea kitu lawama mbele ya mtaa mzima. Video imeshafika Tanga. Mama ameanza tena kumpigia.
Sikujua kuhusu zile simu. Nilikuwa karakanani, nagonga mageti.
Hasira bado ninayo na sina pa kuipeleka. Shabani bado namchukia. Angeweza kusikia akanyamaza. Kaifanya biashara. Sitamwomba radhi, na akifunga karakana yake kesho sitasikitika. Naandika hivyo nisije nikajidanganya.

Ijumaa, 25 Julai
Leo sikufungua karakana. Nimempigia mama.
"Mama, shikamoo. Naomba usimpigie tena Zaina kumuuliza habari za mtoto. Ukitaka kuuliza, niulize mimi."
Nilidhani simu imekatika. Kisha akaitikia marahaba, akaanza kunieleza nazi zilivyoadimika huko.
Zaina alikuwa anamenya viazi. Amesikia yote. Mchana amepakua sahani moja, akaiweka katikati yetu, akakaa.
Tumekula. Jua limeingia mpaka miguuni.