Furu Waliobaki Butiama

Jumapili, Nyasura. Jua limewaka mapema na hakuna upepo hata wa kutikisa kanga kwenye kamba. Watu wa nyumba hii wamekwenda kanisani, nimebaki mimi na mama. Yeye amesinzia, mimi nimekaa mlangoni na simu yangu, nachapa haya kabla ujasiri haujaniisha.

Nina hamu ya nyumbani, na nyumbani papo palepale. Hilo ndilo linalonichosha.

Nianze na mama. Tangu masika yaishe hataki chakula. Daktari alimpima akasema haoni ugonjwa, anaona umri tu, ila tusipopata namna ya kumlisha tujiandae. Mdogo wangu Nyangeta, anayekaa naye hapa Bunda, amejaribu kila kitu: mtori, uji wa ulezi, maziwa ya mgando, sato wa kuchemsha. Mama anageuzia uso ukutani. Miaka nayo imemchanganyikia, kuna siku ananiuliza kama nimeshafua sare ya shule, mimi mwenye wajukuu. Kitu kimoja tu anakiomba kwa jina lake, na hakikosei.

Furu.

Kwa ninyi vijana mnaopita humu mtandaoni: furu ni samaki wadogo, wengi hawazidi kiganja, na zamani Ziwa Viktoria lilikuwa lao. Walikuwepo wa kila rangi na kila umbo la mdomo. Sisi watu wa vijiji vya rasi hatukuwahesabu kama samaki wa kujivunia. Ukialikwa mahali ukapewa furu, ulijua hukutarajiwa. Walikuwa mboga ya kila siku, na mtu haagi mboga ya kila siku.

Siku hizi wanaonekana tena kidogo sokoni Musoma. Mwezi uliopita nilinunua fungu, nikalileta hapa mbio mbio kama mtu aliyeshinda bahati nasibu. Mama alionja mmoja akamrudisha kwenye sahani. "Hawa sio," akasema, akalala. Nilikasirika, nakiri. Nilimwona ananisumbua tu.

Nilipomsimulia Joyce, hakucheka. Joyce nilimfundisha baiolojia kidato cha nne pale Musoma, sasa ni mtafiti, anazunguka mkoa mzima na nyavu na ndoo. Akaniambia wengi wa hao waliorudi ziwani si wale wa utoto wetu. Maji yamebadilika, vyakula vimebadilika, nao wamebadilika vichwa, matamvua, hata wanachokula. Sijui kama mama aliligundua hilo au hakuwa na hamu tu. Lakini usiku ule sikuwa na raha.

Nimeandika ubaoni miaka yote ya kazi yangu: mazingira yakibadilika, viumbe hubadilika, huhama au hutoweka. Wanafunzi wanakariri, wanajibu mtihani, tunaendelea na mada nyingine. Sikuwahi kufikiri kwamba sentensi ile inahusu nyumba yetu.

Nilikuwa shule ya msingi, miaka ile ya foleni, tulipokuwa tunafulia majani ya mpapai kwa kukosa sabuni. Uzi wa nyavu haukupatikana. Baba, Magesa, alifumua wavu mkuukuu ili afume mwingine, na mimi nilishika ncha ya uzi. Alikuwa mtu wa maneno machache na mluzi mwingi. Alfajiri tulimjua kwa mluzi kabla hatujamwona, na mama alikuwa anateleka maji kabla mtumbwi haujagusa mchanga. Furu walitungwa kwenye vijiti vikaanikwa juani. Jua lilitosha. Hatukuwahi kuhitaji zaidi ya jua.

Kisha furu wakaanza kupungua, na kwenye wavu wa baba likaingia lidude. Sangara wa kwanza tuliyemwona nyumbani alikuwa mrefu kuliko mdogo wangu. Mama akafanya alichokijua: akampasua, akamkata vipande, akavitunga kwenye vijiti, akavianika. Mchana wote mafuta yalichuruzika. Kesho yake vipande vilikuwa vinatembea kwa funza. Majirani walimcheka mpaka wakashika mbavu, halafu kila mmoja wao akaanika wa kwake, na kila mmoja akavuna funza.

Samaki yule hakukubali jua, alitaka moto. Basi tukajifunza kumbanika, na moto ukataka kuni, na kuni zilikuwa mlimani. Nilipofika darasa la saba mlima wetu ulikuwa na upara. Mvua ikinyesha udongo mwekundu unashuka wote ziwani, na maji yaliyokuwa yanaonyesha vidole vya miguu yako yakawa rangi ya chai ya maziwa. Hakuna aliyeunganisha mambo hayo. Tuliona ni samaki, kuni na mvua, kila kimoja na shida zake.

Zikaja enzi za ruksa, biashara ikaachwa huru. Matajiri walikuja na magari ya barafu, viwanda vya minofu vikafunguliwa, sangara akawa dhahabu. Wavu wa baba ulikuwa wa furu, sangara waliutoboa kama utando wa buibui. Akauacha. Akaenda visiwani, humo humo ziwani, kuvua kwenye boti la tajiri, akasema atarudi akipata mtaji wa nyavu kubwa. Mwaka wa kwanza alituma redio na kayabo, yale mapande ya sangara ya chumvi. Mwaka wa pili alituma salamu.

Baada ya hapo, hakuna kitu.

Mmoja alisema kamwona ng'ambo Uganda ana familia nyingine. Mwingine alisema boti lilizama. Wajomba na baba wadogo walikaa kikao wakataka tuweke matanga, ili mama arithiwe na maisha yaendelee. Mama aliwasikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Nani kamwona amekufa?" Akatuchukua tukahamia Makoko, pale Musoma mjini, akawa anakaanga mapanki, yale mafupa na vichwa vinavyobaki kiwandani minofu ikishakwenda Ulaya. Mapanki ndiyo yaliyotusomesha. Nywele zetu, daftari zetu, hata Biblia yetu vilinuka mafuta yale. Lakini yeye mwenyewe hakuwahi kuyatia mdomoni. "Mimi huyo samaki silagi," alikuwa anasema, basi.

Jana Joyce alinipigia: njoo Butiama, kuna kitu uone. Gari lao lilinichukua Makoko. Nyuma ya vilima kuna lambo la zamani la kunyweshea ng'ombe, dogo tu. Wenyeji wanasema kuna mtu enzi hizo alileta samaki ndooni kutoka ziwani akawamwaga humo, hakuna anayemkumbuka jina. Sangara hakufika. Vijana wa Joyce walikuwa wanapima samaki kwenye meza, na juu ya ile meza, tumbo jekundu, mgongo wa buluu kama wino, alikuwa furu.

Yule yule. Nilimjua kabla sijavaa miwani.

Nililia, mwalimu mzima na kofia yangu ya jua. Joyce alijifanya anaandika. Baadaye akanieleza kwa sauti ya chini kwamba jike wa furu humchagua dume kwa rangi yake. Ziwani maji yalipochafuka majike hawakuona vizuri tena, wakapandana na waliokuwa karibu, aina zikachanganyika mpaka nyingine zikapotea bila hata kuliwa. Humu lamboni maji yamebaki meupe, bado wanaonana. Mimi nilikuwa namfikiria mama kwenye kile kikao.

Nikamwomba. Sikupanga kumwomba, mdomo ulinitangulia. Joyce alinitazama, akatazama lambo, akasema, "Mwalimu, hawa waliokufa kwenye wavu nimeshachukua vipimo vyao. Ila wengine sitatoa, hata uniombe vipi." Akanifungia wachache kwenye kindoo chenye barafu. Njia nzima mpaka Bunda nilikipakata kile kindoo kama mtoto wa mtu. Ninafundisha watoto kulinda viumbe vinavyotoweka, na nilikuwa nakwenda kuvichemsha na nyanya. Hata mngeniuliza pale, nisingerudi nyuma.

Nyangeta alisonga ugali wa muhogo. Mimi nilipika: nyanya, kitunguu, chumvi, maji kidogo. Harufu ilipoingia chumbani, mama aliketi mwenyewe. Tangu masika hajaketi bila kushikwa.

Aliangalia sahani kwa muda mrefu. Halafu akaniangalia mimi, macho yake yakiwa maangavu kama ya msichana, akauliza, "Baba yenu karudi?"

Ni mantiki, ukifikiria. Nyumbani kwetu furu hawakuwahi kuja kwa njia nyingine.

Nyangeta alinikanyaga mguu. Najua alitaka niseme ukweli, yeye ameokoka na hapendi mchezo na uongo. Mimi niliona mkono wa mama umeshafika kwenye tonge, umesimama, unasubiri jibu langu.

"Karudi, mama. Yuko ufukweni, anaanika nyavu."

Akala. Jamani, akala! Alinyonya vichwa, akatoa mifupa mdomoni kwa ulimi kwa ustadi wa zamani, akalamba vidole. Nilisahau hata kuonja, nilikuwa namwangalia tu. Alipobakiza mmoja, mkubwa kuliko wote, akamhamishia kwenye sahani safi, akaweka na tonge pembeni, akafunika kwa sahani nyingine. Ndivyo tulivyokuwa tunamwekea baba. Hata akichelewa vipi, chakula chake kilimsubiri kimefunikwa, na ole wako mtoto ukifunua.

Asubuhi hii Nyangeta alimpelekea uji kabla ya kwenda kanisani. Mama akaukataa. Alikuwa anaitazama ile sahani mezani. "Hajala," akasema. "Baba yenu hajala, mimi nitatanguliaje?" Uji ukapoa. Nyangeta akanipita mlangoni na Biblia yake kwapani, akasema, "Umeyaanzisha wewe, Dada. Yamalize."

Mama aliposinzia, nikaingia taratibu. Nikafunua.

Nilimla samaki wa baba nikiwa nimesimama, kwa vidole, pamoja na tonge lililokauka. Miaka yote hii nimekuwa nikiitamani ladha ile, nikiiota, nikiwasimulia wanangu ambao hawakunielewa. Ilikuwa ndiyo yenyewe, hata chumvi kidogo na uchungu ule wa nyongo karibu na tumbo. Sikuifurahia hata kidogo. Nilikula haraka kama mwizi, huku nalia, nikajua sasa kwamba kumbe siku zote haikuwa samaki. Nilikuwa namtaka baba. Na mimi, tofauti na mama, nilishamzika zamani bila kumwambia mtu.

Niliacha mifupa kwenye sahani, imepangwa pembeni, kama alivyokuwa akiiacha yeye.

Ndipo nikaja kukaa hapa mlangoni nikaanza kuandika. Nimesitisha kidogo kwa sababu ameamka. Nimemsikia akijikokota mpaka mezani, kimya, halafu akacheka kile kicheko chake kifupi cha kupitia puani. Ameniita.

"Eliza. Amekula, kaondoka. Alikuwaga hivyo hivyo, hata kuaga haagi." Sauti yake haina lawama, inajigamba. "Niletee huo uji."

Amekunywa wote. Ameomba na chai.

Sasa ananiambia kwamba leo wavu utakuwa umejaa, kwa jinsi kulivyotulia, na kwamba jioni niweke sufuria kubwa mapema. Furu wameisha. Joyce hatanipa wengine, na safari hii sitamwomba, kwa sababu waliobaki kwenye lile lambo ni wachache na bado wanaonana.

Nimemwitikia, "Sawa, mama." Jua limefika utosini, watu wanatoka kanisani.

Jioni nitamwekea baba nini?