Kona Yetu, Picha Yao

Jumatatu, 3 Machi
Kikao cha chama cha mtaa tena. Mbio za magari za jiji hazitaonyeshwa bure mwaka huu: haki za matangazo zimeuzwa zote kwa kituo cha kulipia. Nikapanda juu ya benchi. Barabara ni yetu, vumbi ni letu, kelele ni zetu — iweje picha ziwe zao? Makofi! Nikashuka, magoti yakiuma. Nimechoka na makofi. Hayajawahi kurudisha kitu.

Jumanne, 4 Machi
Dada amepata kazi — katika kituo hichohicho! Atakaa mbele ya kompyuta kuwasaka wanaorusha mbio mtandaoni bila kibali, awafungie na kuripoti anwani zao. Yuko kwenye majaribio. Jumapili, siku ya mbio, ndiyo mtihani wake. Nikamwita kibaraka. Akacheka: kibaraka ndiye mlipa ada yako, Mheshimiwa, kula kabla hakijapoa. Mama akasema ndugu wakigombana shika jembe ukalime. Kisha akanishikisha mimi ufagio.

Baba ni fundi magari mstaafu, miguu haimbebi tena hadi barabarani. Miaka yote alizitazama mbio kwenye runinga, akibishana na mtangazaji. Mwaka huu atasikia injini dirishani na kutazama ukuta.

Alhamisi, 6 Machi
Azimio limepita. Kila mwanachama na simu yake juu ya paa, kila mmoja arushe kona yake, Katibu ataziunganisha. Katibu ameusoma mkataba: hata picha ya moja kwa moja kutoka dirishani kwako ni mali yao. Dirishani kwako! Kona kali kuliko zote iko chini ya paa letu. Nani mwingine angejitolea? Dada sikumwambia.

Ijumaa, 7 Machi
Uchovu. Basi.

Jumapili, 9 Machi
Niko juu ya paa. Simu yangu nimeiegemeza kwenye tofali, inarusha. Watazamaji hawahesabiki. Chini, Baba anatazama kwenye simu yake na kupiga kelele: huyo wa pili injini inakohoa, hafiki! Tangu miguu imwangushe sijamsikia akifoka kwa raha namna hii.

Mama kapanda ngazi akihema. Ananipa simu yake: ni Dada. Ananong'ona. Mheshimiwa, hayo mashuka ya kijani yanayopepea kwenye picha yako, aliyanunua nani?

Nikageuka. Kamba ya nguo! Nilificha kibao cha mtaa, nilificha namba ya nyumba — nikasahau mashuka aliyoanika Mama.

Anasema amekwisha kuwafungia wenzangu wote. Nimebaki mimi. Akinifungia, lazima aandike anwani, na wenye sare watamgongea Mama mlango. Akiniacha, bosi yuko nyuma yake, kazi hana. Zima mwenyewe, mdogo wangu, anasema. Mimi siwezi kuchagua.

Nimetafuta hotuba. Simu ya Mama nimeibana begani, naandika, kana kwamba kuandika ni kutenda.

Mama anaanua mashuka, moja moja, anayakunja vizuri. Kana kwamba hayajaonekana tayari!

Baba anaita kutoka chini: mzunguko wa mwisho! Usitikise hiyo simu!

Limebaki shuka moja. Nasikia pumzi za Dada. Nimenyoosha kidole juu ya kitufe cha kuzima, na magari yanaingia konani —