Dola Kumi na Tano za Mama Mukamugema

Mwaka mmoja umetimia leo, Mama, na bado tunakutengea kiti. Uliangukia kwenye meza yako ya samaki sokoni Virunga, asubuhi ya Oktoba, ukalala hospitali siku tatu bila kusema neno, na ya nne ukaenda. Wengine huandika kwenye kumbukumbu kwamba Mungu alimpenda zaidi. Sisi hatuandiki hivyo. Sisi tuna hasira, na wewe ndiye uliyetufundisha kwamba mtu mwenye hasira asiifunike kwa maneno matamu.

Lakini tuanze na wema wako, maana ulikuwa mwingi. Walimu ambao serikali imesahau kuwalipa uliwapa tilapia wawili kwa bei ya mmoja, kisha ukasema huyo wa pili ana jicho baya, hauziki, ili wasione aibu. Uliparua magamba huku ukiimba nyimbo za kwenu Rutshuru. Ulicheka kwa sauti hadi wateja wa meza za jirani wakahamia kwako. Wauzaji wenzako walikusema, na jioni ukawapa chumvi.

Baba yetu Twagirayezu alipofariki tulikuwa wapangaji, na mwenye nyumba alitutoa kabla kilio hakijaisha. Tulikaa juu ya magodoro barabarani, wafiwa, huku watu wakipita. Siku hiyo ulisema watoto wako hawatatolewa nje na mtu tena. Hukusema mara mbili.

Ulikopa kwenye coopérative, ukajenga Katoyi, juu ya mawe ya volkano, nyumba ya matofali ya saruji yenye vyumba vitatu. Mkataba ulikuwa wa miaka saba, dola mia moja ishirini na sita kila mwezi, na nyumba yenyewe ndiyo dhamana. Wewe hukuitaka hiyo miaka saba. Dawa ya deni ni kulipa, ulisema, na kila mwezi ukaongeza dola kumi na tano juu ya zile za mkataba, ili deni lipungue haraka na riba ipungue nalo.

Mimi Igiraneza, mwanao wa kwanza, nilikusindikiza kila mwezi, kwa sababu hesabu uliijua kuliko karani yeyote, ila Kifaransa hukukisoma. Élodie wa dirishani alitusukumia karatasi ya malipo na kuuliza, "Mama, hii ya juu, motif, sababu yake, munaandika nini?" Nawe ukaniambia, "Andika avance, mwana wanjye." Nikaandika avance. Sisi wa Goma tunajua avance ni nini: ni ile unayompa fundi wa nguo leo ili deni lako kwake liwe dogo kesho. Nani angefikiri kwamba kwenye coopérative neno lile lina maana nyingine tumboni?

Tukirudi nyumbani ulitutangazia mlichokomboa wewe na dola zako. "Leo mulango wa jikoni ni wetu." Mwezi mwingine dirisha, mwezi mwingine choo na mabati yake. Munezero, mtoto wako wa mwisho, akauliza chumba chake ni cha nani. Ukamjibu, "Kingali cha coopérative, ulale polepole." Tulicheka sote. Hizo ndizo zilikuwa sikukuu zetu, maana nyama tuliiona Pasaka na Noeli tu.

Mlima ulipolipuka mwaka ule na mji mzima ukakimbilia Sake, tulipita Lac Vert kwa miguu, watu wamebeba mbuzi, televisheni, wagonjwa. Wewe ulibeba bahasha ya karatasi za malipo ndani ya kitenge, kifuani. Tuliporudi ulienda kulipa kabla hata ya kufagia majivu.

Kisha njia ya Rutshuru ikafungwa na vita. Samaki wa Vitshumbi hawakufika tena, ukageukia sambaza, dagaa wa ziwa letu, na faida yako ikawa nusu. Tulikuomba uache ile kumi na tano angalau kwa muda, ulipe za mkataba peke yake. Ulisema, "Mutu akianza kupunguza, anazoea." Ndipo nilipokuta wembe kando ya vidonge vyako vya tension, ile presha ya damu.

"Mama, uko nakula nusu?"

"Kidonge ni kikubwa sana. Ata nusu inajua njia."

Nilicheka, Mama. Nisamehe. Ulikuwa na namna ya kusema ambayo mtu anacheka kwanza, halafu anasahau kukasirika.

Mwezi wa nane mwaka jana ulivaa kitenge chako cha kanisani, ukaenda kumwuliza gérant, mkuu wa coopérative, Bwana Bashige, imebaki miezi mingapi. Kwa hesabu yako ilikuwa imebaki minane, na hesabu yako ilikuwa sahihi. Akafungua kompyuta.

"Mama, uko mbele miezi saba. Unaweza kupumuzika, usilipe kitu mupaka mwezi wa tatu. Kisha utamalizia ile miezi kumi na saba yenye inabaki."

"Mi sikukuya kupumuzika. Capital, deni lenyewe, imepunguka namna gani?"

"Imepunguka vile calendrier ya mukataba inasema, basi. Hapa munaandika avance. Avance ni makuta yenye munalipa ya miezi yenye haiyafika."

"Sasa kumi na tano yangu ilikuwa inafanya nini miaka yote hii?"

"Ilikuwa inangoja, Mama."

Ilikuwa inangoja! Miaka mitano ilikuwa imekaa pale haifanyi kazi, na riba inakula kama kawaida, wakati wewe unakata vidonge kwa wembe. Alituona kila mwezi dirishani, yeye na watu wake, mjane na binti yake, karatasi sitini zenye neno lilelile, na hakuna hata mmoja aliyefungua mdomo kutuuliza tunakusudia nini. Hilo hatulisamehe. Na mkono ulioandika neno lile mara sitini ni wangu mimi niliyesoma kwa jasho lako. Tuyisenge, mdogo wangu, ananiambia neno moja haliui mtu. Sijui.

Siku ile tulirudi hadi Katoyi na hukutaja mlango wala dirisha.

Lakini hasira nyingine ni juu yako, na tutaisema, maana ulitulea tusisengenye mtu pembeni. Kosa lile lilikuwa limekupa miezi saba ya kutolipa! Tuyisenge alikupigia magoti. "Mama, hii miezi saba tununue dawa, twende kwa munganga akupime muzuri. Nyumba haikimbie." Ukamwambia, "Nikipumuzika, nitakufa na deni." Mwezi wa tisa ukaenda kulipa, zote mia moja arobaini na moja, na safari ile niliandika "kupunguza capital" kwa herufi kubwa. Niliandika vizuri mara moja tu. Wiki ya pili ya Oktoba ukaanguka. Dawa ya deni uliinywa yote, Mama, ya kwako mwenyewe ukaigawa nusu. Ulikuwa mbishi, na ubishi wako umetufanya yatima.

Baada ya mazishi gérant aliniita. Nilidhani anataka pesa, nikajiandaa kumtukana. Alifungua mkataba ukurasa wa tatu, akanionyesha kifungu cha bima: mkopaji akifa, deni lililobaki linalipwa na bima, familia haidaiwi tena. Nilikijua kifungu kile. Siku ya kusaini nilianza kukusomea, ukaweka kiganja chako juu ya karatasi. "Ya kufa, ruka. Tumekuya kutafuta nyumba." Nikaruka. Hatukurudi kukisoma tena.

Kisha akanipa bahasha. Dola mia tisa, kumi na tano zako mara sitini. Kwa kuwa zilikuwa za miezi ambayo haitafika tena, alisema, sheria ni zirudi kwa familia.

"Muna bahati, Mademoiselle. Kama mungeandika capital, haingerudi."

Ulitufundisha kushukuru hata kwa maji ya kunywa. Siku ile sikushukuru. Nilichukua bahasha nikatoka.

Watu waliuliza tumefanya nini na pesa hizo. Hatukununua pikipiki wala vigae vya kaburi. Hospitali ilidai siku zake tatu, fundi wa jeneza alidai mbao zake, na mjomba Nsanzimana, kaka yako, akaongezea kidogo kilichopungua. Hivyo ndivyo zilivyokwisha. Ulijinunulia jeneza, Mama, kidogo kidogo, miaka mitano, ukidhani unanunua milango.

Karatasi ya parcelle, hati ya kiwanja, ilitoka mwezi wa pili. Mjomba aliisoma kwa sauti sebuleni, jina lako lote, na hakuna aliyepiga vigelegele. Munezero aliuliza kama sasa anaweza kulala anavyotaka. Tulimwambia ndiyo. Alikuja kulala kwangu.

Majirani wanakusifu kwetu. Wanasema Mukamugema alikuwa mama wa kweli, alilipa nyumba mapema, hakungoja miaka saba. Wanasema kwa nia njema, nasi tunaitikia. Lakini tungelipa, Mama. Tungelipa na riba yake yote, hadi mwezi wa mwisho, na baada ya hapo tungekopa tena. Tungeomba hata kutolewa nje na magodoro yetu, mradi wewe uwe umekaa juu ya mojawapo unatugombeza.

Misa ya kukuombea ni Jumapili saa mbili asubuhi, kisha chai nyumbani Katoyi. Mlango uko wazi kwa kila aliyewahi kununua samaki wako. Anayemeza vidonge vya tension aje navyo, avimeze mbele yetu, vizima.

Wanaokulilia hadi leo ni sisi wanao Igiraneza, Tuyisenge na Munezero, kaka yako Nsanzimana na nyumba yake yote, na wamama wa meza za samaki soko la Virunga, ambao nafasi yako hawajampa mtu.

Hutatoka mioyoni mwetu siku zote tutakazoishi. Ungechelewa tu kulipa, Mama.