Maharage Yameshuka Bei, Denisia Ameondoka

Makere, Jumamosi. Rasharasha tangu asubuhi, nguo nimezisahau kambani na sina hata hamu ya kuzianua.

Wenzangu wa kikundi cha kuweka na kukopa huniita Gavana. Ilianza kama utani. Mimi ndiye mwenyekiti wao, na kila mara Gavana wa Benki Kuu anapotangaza riba redioni, nawanyamazisha watu wote jikoni nisikilize. Wananicheka, nami napenda.

Msimu huu utani ukageuka kazi. Karibu kila mwanachama alikopa anunue maharage, ayafungie ndani, asubiri bei ipande. Ikapanda kweli, mpaka watoto wetu wakawa wanakula ugali wa muhogo kwa mchicha huku magunia yamejaa chumbani. Nikakumbuka maneno ya redioni: fedha ikizagaa mno, bei hukimbia, mikopo ikibanwa, bei hutulia. Nikapendekeza tupandishe riba ya kila mkopo hadi mavuno, ili wenye magunia wauze walipe madeni. Wakapiga makofi.

Denisia hakupiga.

Denisia ni rafiki yangu wa kufa na kuzikana. Wazazi wake walikuja kama wakimbizi kutoka Burundi, yeye ni Mtanzania kama mimi. Nilipojifungua kwa shida, ndiye aliyeninyonyeshea mwanangu. Hakuwa analangua maharage. Alitaka mkopo akodi shamba Kagerankanda, apande kabla mvua haijakatika. Kwa riba yangu mpya asingeweza. Akaniomba nimlegezee yeye peke yake.

"Dada, nikikulegezea wewe, nitambana nani?" nikamjibu.

Lilikuwa jibu sahihi. Linaniuma mpaka sasa.

Magunia yamefunguliwa, bei imeshuka, na leo sokoni wamenipokea kwa "Gavana oyee!" Leo hiyohiyo Denisia amefunga vyungu vyake, amechukua watoto, anakwenda Busunzu kulima kwa shemeji yake.

Kikundi chetu kikimaliza kikao tunakula wawili wawili, sahani moja, na mimi mwenzangu siku zote ni yeye. Nikampelekea maharage ya moto stendi. Hakuyagusa. Alinishika mkono tu.

"Urabeho, Gavana."

Kwa lugha ya wazazi wake ndiyo kwaheri ya watu wasiotarajia kuonana karibuni. Na kabla ya leo hakuwahi kuniita Gavana bila kucheka.

Nimerudi na maharage yale nyumbani. Yamepoa, siwezi kuyala.

Gavana yule wa redioni huongea kwa sauti tulivu sana. Sijui kama naye, akishamaliza kutangaza, ana Denisia wake.