Mpaka wa Mawe Mawili

Jumatatu, 7 Julai
Nimepiga mikorosho ya juu dawa ya salfa. Macho yanawasha. Jioni kisomo cha watu wazima, kama kawaida. Mwalimu Rukia, ambaye mama yake ningeweza kumzaa mimi, kachora mstari ubaoni. Ati mstari hauna mwanzo, hauna mwisho, wala hauna unene. Nikamwambia basi huo hajauona mtu. Darasa zima likacheka. Wanacheka nini? Hapa Ziwani hakuna mistari ya mihogo iliyonyooka kama yangu, na sipandi kwa kamba. Jicho tu. Leo nafundishwa mstari na mtoto wa juzi.

Jumatano, 9 Julai
Somoe hana haya. Huyu mjane wa shamba la jirani naye yuko kisomoni, dawati la mbele. Leo kasema mbele za watu kwamba mikorosho mitatu ya bondeni ni yake. Ati wazee waliacha mawe mawili ya mpaka, moja njiani, moja katikati, na kutoka jiwe la kati kushuka bondeni nilijipimia mwenyewe. Kweli nilijipimia. Nani mwingine angeweza? Mmoja wa ile mitatu niliupanda juu ya kitovu cha mwanangu Hamisi, siku tuliyokizika. Siutoi. Hata nikifa siutoi.

Jumatatu, 14 Julai
Leo nimewaonyesha. Mwalimu kasema kipande cha mstari kina ncha mbili, kinaishia hapo. Mwale una ncha moja, ukianza hausimami. Bapa ni kama uwanja uliosawazishwa usio na ukingo. Hiyo bapa sikuielewa, na haina kazi kwangu, shamba langu lina mteremko. Nikauliza swali ambalo wengine wote hawakulifikiria. Nukta mbili zinapitiwa na mistari minyoofu mingapi? Mwalimu akasema mmoja tu. Nikasimama. Basi mawe ni nukta mbili, mpaka ni mwale, unaanzia njiani, unapita jiwe la kati, unashuka bondeni, na mikorosho ni yangu. Somoe aite wazee, alete na kamba.
Akajibu bila hata kugeuka, "Kamba ninayo, Baba Hamisi. Wewe njoo na hayo macho."
Nitamnyoosha.

Jumatano, 16 Julai
Kisomo sikwenda. Nilisimama kwenye jiwe la njiani nikaangalia chini. Jiwe la kati limezibwa na magugu. Panga nilikuwa nalo. Sikufyeka.

Alhamisi, 17 Julai
Wamekuja wazee watatu na Mwalimu. Kamba ya Somoe ni ya nailoni, ya bluu. Jiwe la njiani, jiwe la kati, mpaka bondeni. Nikasema imepinda. Wakaivuta tena. Nikasema upepo. Wakachomeka vijiti kuifuata, Mwalimu akanisimamisha nyuma ya kijiti cha kwanza, akaniambia nifumbe jicho moja. Vyote vikajificha nyuma ya kimoja. Kamba ilipita ndani ya shamba langu, hatua tano. Mikorosho yote mitatu imeangukia upande wa Somoe.
Nimewatukana wazee. Nimemtukana Mwalimu na mwale wake. Nimeondoka bila kuaga.
Na swali lile niliuliza mimi. Mimi mwenyewe.

Ijumaa, 18 Julai
Msikitini imamu kasema tunyooshe safu. Nikaona ananisema mimi. Hasira bado. Siku ile nilipojipimia mpaka nilitumia jicho, na jicho lilikuwa langu, likanipendelea. Naandika humu kwa sababu simwambii mtu.

Jumapili, 20 Julai
Nimepalilia tangu asubuhi. Kamba ya bluu bado ipo. Nilipoifikia nikasimama. Somoe alikuwa upande wake akiokota kuni, akaniona naangalia mti wa Hamisi.
"Korosho zangu," akasema. "Kitovu chenu."
Akajitwisha kuni zake akaenda.
Jembe nimeliacha upande wangu. Nikavuka mikono mitupu, nikakaa chini ya ule mti kidogo.