Siri ya kikundi na ndoo ya mandazi

Daisy uko? Huyu Khamala anatutrain kuongoza vikundi vya afya ya akili ni bure kabisa.

Asubuhi yote ni "siri ya kikundi haitoki kwa kikundi." Ametuimbisha kama watoto wa nasari!

Chai imekuja, Khamala na mandazi mdomoni anatoa mfano. "Kwa kikundi changu kuna mama, jina sisemi, anauza mandazi hapa Makina kando ya msikiti. Bwanake alihamia kwa jirani."

Jina hasemi! Na mandazi tunakula ni za huyo mama! Mama Lavender mwenyewe amesimama hapo mlangoni, anangoja ndoo yake.

Khamala anamwona, eti "karibu mama, hapa ni mahali salama." Salama!

Mama alibeba ndoo, halafu akamnyang'anya hata ile nusu mandazi alikuwa ameshika.