Siku Kumi na Nne za Moyo wa Eve

Jumatatu, 8 Juni 2020

Nyinyi watu wa hospitali, hamna haya! Moyo wa mtoto si nguo kwa fundi, ati njoo kesho. Aprili mlisema vitanda vimewekwa kwa ajili ya wagonjwa wa korona. Mei mkanyamaza. Mjukuu wangu ana miaka tisa, akipanda ngazi tatu midomo inabadilika rangi.

Leo Sista Luseno wa wodi ya moyo amepiga simu. Nilikuwa nimemwekea matusi — nikayameza. Tarehe 23 Eve anapasuliwa! Lakini kazi yao imebadilika. Mtoto mmoja kwa siku. Mtu mmoja tu wa kukaa naye wodini. Na sisi wa nyumba hii tujifungie siku kumi na nne. Mtu akitukaribia, nafasi anapewa mtoto mwingine.

Nikasema wa wodini ni mimi. Kate akanuna: Mama, si mimi ndiye nilimzaa? Nikamwambia hata paka anazaa. Wewe unasahau sufuria motoni.

Alhamisi, 11 Juni

Siku hizi daktari anamwona mgonjwa kwa video ya simu! Anataka kujua kama miguu imevimba. Nikamwonyesha kidevu changu, halafu dari. Eve akacheka mpaka akakosa pumzi — nikashtuka. Kate ndiye alishika simu sawasawa. Sijamsifu.

Kijana wangu Sydney anatoka mtaa wa Dandora na sukuma wiki na maziwa, anaweka mlangoni, anabisha, anakimbia kama mwizi.

Jumanne, 16 Juni

Eve sasa analalia mito mitatu. Ameniuliza: Shosho, wakiufungua moyo watakukuta ndani? Nikasema ndani sijui, lakini nje ya mlango watanikuta, kwa kiti, na chai yangu.

Nikaenda jikoni. Nikasema ni vitunguu. Hakukuwa na vitunguu.

Jumamosi, 20 Juni

Nimeharibu.

Akina mama wa kanisa walikuja na thamosi. Kwetu mtu haendi kukatwa bila kuombewa — watu watasemaje? Kanisa limefungwa, basi wakasimama barazani, wakaanza wimbo. Nikatoka. Nikavua barakoa niimbe vizuri! Mmoja wao, Waringa, akanikumbatia, tukanywea kikombe kimoja. Halafu akakohoa. Ati ni vumbi tu, Mama Kate.

Kurudi, Kate ametia komeo. Mimi! Mlango niliopaka rangi kwa mkono wangu! Nikaugonga, nikamwita majina yote. Mtaa mzima wa Ziwani umesikia. Akasema polepole: Mama, ni kwa ajili ya Eve.

Nikaacha kugonga.

Jirani yetu Habibo amenipa stoo yake ya vitambaa nilale.

Jumapili, 21 Juni

Waringa amepelekwa kupimwa. Ana homa.

Asubuhi Eve aliweka kiganja kwenye kioo cha dirisha. Nikaweka changu huku nje. Baridi.

Kate amemsuka. Mistari imenyooka kuliko yangu.

Sista Luseno atapiga saa kumi. Ningeweza kunyamaza — Eve hajaguswa, nani atajua? Wakisikia, huenda nafasi ikaenda. Lakini wodi ile imejaa mioyo kama wake.

Simu inalia ndani. Kate, iweke dirishani, ongeza sauti, nikiri mwenyewe. Wakikubali, kiti cha wodini ni chako, ubebe chai. Na huo mlango usinifungulie — hata ukinisikia nalia.